Kiinimacho cha Mpakani: Sanaa Iliyoachiwa Matapeli

Msafiri anayeshuka garini mjini Busia, upande wa Kenya, hupita katikati ya ulimwengu mzima wa biashara kabla hajalifikia lango la forodha. Pana wauza omena na mitumba, pana wabadilishaji fedha walioshika mabunda ya noti waziwazi, pana waendesha boda boda wanaogombania mizigo yake. Mara kwa mara, pembezoni mwa purukushani hiyo, hukuta watu sita au saba wameinamia boksi lililopinduliwa. Juu ya boksi pana karata tatu, au vizibo vitatu vya soda na kipande cha sponji kilichofinyangwa kikawa kama punje ya kunde. Kijana mmoja huzichezesha karata hizo huku ulimi wake ukienda kasi kuliko mikono. Mchezo huitwa pata potea, na jina lake halina uongo: wanaopata ni washirika wa kijana huyo waliojichanganya na watazamaji, na anayepotea ni mgeni.

Wengi wanaoipoteza nauli yao hapo huondoka na moja kati ya fikra mbili. Ama bahati imewakataa siku hiyo, ama kijana yule ana dawa. Fikra zote mbili humfaa tapeli, kwani aliyekosa bahati hurudi kuijaribu tena, naye aliyeogopa dawa haendi polisi. Ukweli ni mwepesi hata unaudhi. Fundi wa karata hushika karata mbili kwa mkono mmoja, moja juu ya nyingine, pakiwa na mwanya mdogo kati yake. Anapouteremsha mkono, jicho la mtazamaji huamini kwamba karata ya chini ndiyo itakayotangulia kuanguka, maana ndiyo iliyo karibu na boksi. Fundi huiachilia ya juu. Kuanzia hapo mgeni anaifuata karata isiyo yake, na kadiri anavyoifuata kwa makini ndivyo anavyozidi kupotea. Akisitasita, mshirika mmoja hujifanya kumhurumia: fundi akigeuza uso, mshirika huikunja pembe ya karata inayoshinda ili mgeni aitambue. Mgeni huweka fedha zote alizo nazo. Hajui kwamba katika mzunguko unaofuata kidole cha fundi kimeinyoosha pembe ile na kuikunja ya karata nyingine. Ameibiwa akidhani anaiba, na hiyo ni sababu nyingine ya kutokwenda polisi, ingawa kifungu cha 313 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya kimeweka kifungo cha hadi miaka mitatu kwa anayejipatia mali kwa njia ya uongo.

Si ajabu kwamba ujanja wa namna hii hustawi Busia na Malaba. Kiinimacho cha kulaghai huhitaji wageni ambao hawatarudi kesho kudai chao, na mpaka huwaleta kila saa. Neno boda boda lenyewe lilizaliwa Busia katika miaka ya 1960, pale waendesha baiskeli walipowabeba abiria katika masafa yaliyopo kati ya kituo cha nchi moja na kituo cha nchi ya pili. Malaba, takriban kilomita 30 kaskazini, ndiko barabara kuu na reli zitokazo Mombasa zinakoingia Uganda. Malori husimama huko kwa foleni ambazo mwaka 2020, madereva walipokuwa wakisubiri majibu ya vipimo vya korona, zilifikia makumi ya kilomita. Vituo vya pamoja vya forodha, ambavyo kile cha Busia kilifunguliwa rasmi na marais wa nchi zote mbili mnamo Februari 2018, vimepunguza shughuli za karatasi. Hata hivyo, msafiri bado ana fedha za nchi mbili za kuhesabu.

Hapo kwenye fedha ndipo penye mizungu. Noti kubwa kuliko zote nchini Kenya ni ya shilingi 1,000. Uganda imekuwa na noti ya shilingi 50,000 tangu mwaka 2003, na shilingi moja ya Kenya hubadilishwa kwa zaidi ya shilingi 20 za Uganda. Mtu aliyetoa noti tano anaweza kupokea bunda zima la noti ndogo ndogo, zenye sufuri asizozizoea. Wabadilishaji walio wengi huishi kwa sifa yao njema, na itakuwa dhuluma kuwapaka wote tope moja. Lakini mlaghai mmoja akijipenyeza miongoni mwao, hahitaji zaidi ya kuikunja noti moja katikati na kuipachika ndani ya bunda. Huhesabu kwa kupepeta ncha za noti, na ile iliyokunjwa huhesabiwa mara mbili, kwanza kwa ncha moja na kisha kwa ncha ya pili. Mgeni amehesabu pamoja naye, kwa sauti, kwa macho yake mwenyewe. Atakaporudia kuhesabu ndani ya basi la Kampala, atamshuku aliyeketi karibu naye.

Makala haya yanashikilia kwamba mizungu ya aina hii, ambayo mpakani imekuwa silaha ya walaghai, ni sanaa. Na kwamba kinga yake haiwezi kuwa askari peke yao, bali ni kuifundisha hadharani, kwa Kiswahili, kwa vitu vilivyomo jikoni mwa kila mtu.

Vitu hivyo ni vingi. Sarafu ikiwekwa ndani ya bakuli la bati, na mtazamaji akarudi nyuma polepole mpaka ukingo wa bakuli uifiche, mwenzake akimimina maji taratibu sarafu huibuka bila kuguswa, kwa kuwa nuru hupinda inapotoka majini kuingia hewani. Bilauri iliyojaa maji pomoni ikifunikwa kwa kadi ngumu na kupinduliwa, maji hayamwagiki, maana hewa huisukuma kadi kutoka chini kwa nguvu inayouzidi uzito wa maji. Unga wa pilipili manga ukielea juu ya maji, kidole chenye sabuni hauwezi kukivumilia. Hukikimbia kama kuku wamwonapo mwewe. Mtoto wa Amagoro au wa Matayos anaweza kuyafanya haya yote jioni moja, na kesho yake akawafanyia wenziwe shuleni.

Lakini kuna kimoja kinachostahili kukaliwa kidogo. Matone machache ya iodini, ile dawa ya kahawia inayopakwa kwenye vidonda, yakitiwa katika maji ya uji mwepesi, maji hugeuka kuwa na rangi ya buluu inayokaribia weusi. Kila aliyesomea sekondari nchini Kenya amewahi kuiona rangi hiyo, kwani ndiyo hutumiwa kupima kama chakula kina wanga. Sasa tembe ya vitamini C isagwe na kuyeyushwa katika maji hayo, au limau likamuliwe humo kwa ukarimu. Weusi hupotea. Maji huwa kama hayajawahi kutiwa kitu.

Huo ni mchezo wa jikoni usiogharimu chochote cha haja. Ni huo huo pia uliowafilisi watu wenye shahada. Mlaghai wa "noti nyeusi", anayejulikana katika miji mingi ya Afrika na kwingineko, humwonyesha windo lake sanduku lililojaa karatasi nyeusi. Husema kwamba ni dola halisi, zilizopakwa rangi ili zivushwe mipakani bila kugunduliwa. Huchomoa moja, huisugua ndani ya majimaji fulani, na dola hutokea ing'aayo. Kisha hueleza kwa masikitiko kwamba majimaji hayo ni dawa adimu ya kigeni, na kwamba zikipatikana fedha za kuinunulia zaidi, sanduku zima litasafishwa na faida igawanywe. Noti ile moja ilikuwa ya kweli. Ilipakwa gundi, kisha ikapakwa iodini. "Dawa adimu" ni vitamini C iliyosagwa majini. Karatasi nyingine zote ni karatasi tu.

Je, kwa nini mtu aliyefaulu somo la baiolojia asiitambue iodini anapokutana nayo nje ya darasa? Jibu linalopendekezwa hapa si kwamba wasomi ni wajinga, wala kwamba tamaa imezidi siku hizi, ingawa tamaa imo. Ni kwamba maarifa yale alipewa kwa Kiingereza, ndani ya maabara, kwa ajili ya mtihani. Ulaghai ulimjia kwa Kiswahili, mtaani, kutoka kinywani mwa mtu mcheshi. Yalikaa katika vyumba viwili vya akili yake ambavyo havina mlango kati yao. Mwenye wajibu wa kwanza wa kuutoboa mlango huo ni mwanafunzi wa Kiswahili.

Naye hakosi zana. Katika somo la fasihi simulizi hufundishwa habari za fanani na hadhira, utendaji, ishara za mwili, matumizi ya takriri na ya kimya. Zana hizo zikipelekwa kwenye boksi la pata potea, zitaonyesha mengi. Maneno ya fundi hayapo kwa ajili ya kupamba. Anaposema "tazama hapa" huwa anataka "pale" pasitazamwe. Anapouliza swali, mgeni huyainua macho ili amjibu, na katika nukta hiyo mkono humaliza kazi. Takriri yake humfanya msikilizaji aupate mdundo, na mdundo unapokatizwa ghafla ndipo karata hubadilika. Washirika wake ni hadhira ndani ya hadhira, waigizaji wanaoigiza kutazama. Aidha, lugha yake yenyewe ni ya mpakani: Kiswahili kilichoungwa kwa Ateso, Lusamia, Kiganda na Kiingereza, kikibadilika kulingana na sura ya anayekaribia. Ngano, vitendawili, malumbano ya utani na michezo ya watoto vyote vina nafasi katika vitabu vya fasihi simulizi. Kiinimacho hupitwa kimya kimya, kana kwamba si utendaji.

Labda kimepitwa kwa sababu ya hofu. Kiswahili chenyewe kimetenganisha mambo vizuri kuliko wasemaji wake. Kiinimacho na mazingaombwe si uchawi wala uganga. Ni ufundi wa kulihadaa jicho. Neno mzungu, wingi wake mizungu, ambalo leo mtu akilisikia humwazia mgeni kutoka Ulaya, lina maana nyingine katika kamusi: hila, ustadi, jambo la kustaajabisha. Mafunzo ya siri wanayopewa wari katika unyago nayo huitwa mizungu. Yaani lugha inayo, ndani ya neno moja, dhana ya kwamba jambo la ajabu linaweza kuwa somo. Nje ya lugha hali ni tofauti. Mtoto anayejaribu mchezo wa uzi na sarafu nyumbani huenda akakaripiwa kwamba analeta mambo ya giza, na mzazi anayekaripia hafanyi hivyo kwa ubaya.

Hofu hiyo ina gharama. Mnamo Mei 2008, katika eneo la Kisii, watu 11, wengi wao wazee, waliteketezwa na umati kwa tuhuma za uchawi. Oktoba 2021, huko Marani katika kaunti hiyo hiyo, wanawake wanne wazee waliuawa kwa tuhuma kama hizo. Hakuna atakayedai kwamba bilauri iliyopinduliwa ingewaokoa. Lakini jamii ambamo kila kisichoelezeka kwa haraka hutafutiwa mtu wa kulaumiwa inahitaji mazoezi ya kutafuta maelezo, na mazoezi huanza na mambo madogo. Mwingereza Reginald Scot aliliona hilo mwaka 1584, wakati ambapo wanawake wazee wa nchi yake walikuwa wakinyongwa kwa tuhuma za uchawi. Katika kitabu alichokiandika ili kuzipinga tuhuma hizo, alitenga sehemu nzima ya kueleza jinsi viinimacho vya mipira, sarafu, karata na visu vinavyofanywa. Kitabu cha kutetea maisha ya watu kikawa pia miongoni mwa vitabu vya mwanzo vya kiinimacho kwa Kiingereza.

Wapo watakaosema kwamba kuifundisha mizungu ni kuwazalisha matapeli. Hoja hiyo ina sura ya busara, ila inasahau jambo moja: tapeli tayari anajua. Asiyejua ni mama aliyetoka Funyula na fedha za karo ya mwanawe, au dereva wa lori aliyekaa Malaba siku mbili na amechoka kulala. Siri ikibaki siri, anayelindwa ni mwenye siri. Wahenga walisema mjinga akierevuka mwerevu yu mashakani, na hapana shaka mwerevu wa boksi angependa wahenga wasisikilizwe.

Hata hivyo, hoja hiyo ina upande wenye uzito ambao haifai kuupuuza. Kiinimacho kinachoonyeshwa bila kuelezwa huweza kudhuru hata pale mwonyeshaji hana nia ya kuiba. Mwaka 1856 serikali ya Ufaransa ilimtuma fundi wake maarufu, Jean-Eugène Robert-Houdin, kwenda Algeria kuwatisha wenyeji waliokuwa wakiwategemea viongozi wao wa kidini. Kwa maelezo yake mwenyewe, alikuwa na kisanduku ambacho mtu mwenye misuli alishindwa kukiinua. Sumaku ya umeme ilikuwa imefichwa chini yake. Waliotazama hawakuambiwa habari za sumaku. Waliachwa waamini kwamba Mfaransa anaweza kumnyang'anya mtu nguvu zake. Huko mizungu ilitumika kutawala.

Na kwa kipimo kidogo zaidi, yupo yule mwanamazingaombwe anayekumbukwa na wengi waliosoma shule za msingi za Kenya katika miaka ya 1980 na 1990. Alifika shuleni akajiita profesa, akala moto, akageuza karatasi kuwa noti mbele ya watoto waliolipa sarafu ili wamwone, akaenda zake. Walimu nao walipiga makofi. Hakuna mwanafunzi aliyethubutu kuuliza kwa nini mtu awezaye kugeuza karatasi kuwa noti azunguke akikusanya sarafu za watoto. Swali hilo moja, laiti lingeruhusiwa, lingekuwa somo kubwa kuliko onyesho.

Mfano wa kufuatwa uko India. Basava Premanand wa Kerala, aliyefariki mwaka 2009, alizunguka vijijini kwa miaka mingi akifanya "miujiza" ya watu waliojidai kuwa watakatifu: jivu kutoka kiganja kitupu, moto usiounguza ulimi. Kisha aliieleza hatua kwa hatua na kuwakaribisha wanakijiji waijaribu. Huko Maharashtra, Narendra Dabholkar na wenzake walifanya kazi ya namna hiyo. Dabholkar aliuawa kwa risasi mjini Pune tarehe 20 Agosti 2013, jambo linaloonyesha kwamba kufichua hila si mchezo wa watoto pale hila inapowaletea wengine mapato. Walichowazidi wanamazingaombwe wa shuleni ni sehemu ya pili ya onyesho, ile ya kueleza.

Nafasi ya kuifanya sehemu hiyo ya pili ipo tayari nchini Kenya. Mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa nchini kote mwaka 2019, unasisitiza matumizi ya vifaa vinavyopatikana katika mazingira ya mwanafunzi, na wazazi wamelalamika vya kutosha juu ya kutafuta vifaa hivyo usiku. Bilauri, uzi na limau havitamkosesha mzazi usingizi. Tamasha za drama za shule zinaweza kukubali igizo ambalo tapeli hufichuliwa jukwaani, hadhira ikifundishwa hila yenyewe na si kuhubiriwa tu kwamba utapeli ni mbaya. Chuo Kikuu cha Alupe kiko kando ya barabara ya Busia kwenda Malaba, katikati kabisa ya uwanja wa utafiti. Wanafunzi wake hawana haja ya kupanda basi kwenda kuitafuta fasihi simulizi hai.

Kazi ya kwanza ingekuwa ya istilahi. Kamusi za darasani zina kiinimacho na mazingaombwe, kisha zinanyamaza. Hazina neno la kuachilia karata ya juu badala ya ile ya chini, wala la kuhesabu noti moja kwa ncha zake mbili, wala la yule mshirika anayejifanya ameshinda. Si haki kuyatunga ofisini kabla ya kuwasikiliza wenye ufundi, kwani huenda vijana wa mpakani wanayo majina yao, mafupi na makali kuliko yatakayobuniwa na kamati yoyote. Mwanafunzi mwenye daftari na subira anaweza kuyakusanya Malaba siku ya foleni ndefu, mradi nauli yake ya kurudi aiache kwa mwenzake.